Modeli ya kiwanda cha meli

Modeli ya kiwanda cha meli ni mfano mdogo wa meli halisi, uliotengenezwa na kiwanda kilekile kilichounda meli hiyo, au na mafundi waliolipwa na kiwanda, kwa kufuata michoro ileile ya ujenzi. Hapo ndipo inapotofautiana na modeli za watu wanaotengeneza kwa kujifurahisha nyumbani. Mtu wa nyumbani huanza na picha au vitabu. Kiwanda kilianza na karatasi zilizotoka katika ofisi yake ya michoro. Kwa sababu hiyo wanahistoria huihesabu modeli ya kiwanda kuwa hati, sawa na mchoro au barua, nayo kama hati yoyote inahitaji kusomwa kwa uangalifu.

Makala hii inahusu hasa modeli za manowari za aina ya destroya zilizoundwa Uingereza kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia na wakati wa vita hivyo (1939–1945). Mfano unaotumika ni destroya za kundi la Tribal.

Destroya ni manowari nyembamba, ndefu na yenye mwendo mkali. Ilibuniwa mwishoni mwa karne ya 19 ili kuzikinga meli kubwa za kivita dhidi ya mashua ndogo za kurusha topido. Kufikia mwaka 1939 ilikuwa imegeuka chombo cha kazi zote: kusindikiza misafara ya meli za mizigo, kuwinda nyambizi, kuwaokoa askari ufukweni, kupeleka ujumbe na kupigana na manowari nyingine.

Modeli za kazi na modeli za maonyesho

Kiwandani palikuwa na modeli za namna mbalimbali, na baadhi yake hazikutengenezwa ili zipendeze macho. Ya kwanza ilikuwa modeli ya nusu, yaani upande mmoja tu wa bodi ya meli, iliyochongwa kwa mbao laini. Juu yake fundi alichora kwa wino mpaka wa kila bamba la chuma. Bodi ya meli imepinda huku na huku, kwa hiyo ni vigumu kupima mabamba yake kwenye karatasi bapa. Juu ya mbao iliyochongwa ilikuwa rahisi. Kutokana na mistari hiyo ofisi iliagiza chuma kwa vipimo vinavyofaa.

Namna ya pili ilikuwa modeli ya majaribio, mara nyingi ya nta, iliyovutwa ndani ya tangi refu la maji ili kupima ukinzani. Mwanzilishi wa njia hiyo alikuwa mhandisi Mwingereza William Froude, aliyefungua tangi lake mjini Torquay mwaka 1872. Froude alionyesha kwamba modeli haipaswi kuvutwa kwa mwendo wa meli halisi, wala kwa mwendo uliogawanywa kwa skeli. Mwendo hugawanywa kwa kipeuo cha pili cha skeli, yaani kwa namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe hutoa skeli. Destroya inayokwenda noti 36, ikiwa modeli yake ni ndogo mara 48, huvutwa kwa noti 5.2 hivi, kwa sababu kipeuo cha pili cha 48 ni karibu 6.93. Hapo mawimbi ya modeli yatafanana na mawimbi ya meli yenyewe.

Ya tatu ndiyo modeli ya maonyesho, ambayo watu wengi huiona leo katika makumbusho. Ilikuwa nzima, imepakwa rangi, imefungiwa ndani ya sanduku la kioo na kuwekwa katika ukumbi wa wakurugenzi au kupelekwa kwenye maonyesho ya biashara. Pale ambapo kiwanda kilitaka kupunguza gharama, kilitengeneza nusu ya meli na kuibandika kwenye kioo cha kujitazamia, na mtazamaji aliona meli nzima. Lengo la modeli za namna hii lilikuwa kuuza. Viwanda vya Uingereza havikuunda manowari za nchi yao tu: destroya za Poland zilizoitwa Grom na Błyskawica ziliundwa na J. Samuel White huko Cowes, na Argentina na Brazil ziliagiza destroya zao Uingereza katika miaka ya 1930. Zile sita za Brazil hazikufika kwa mwenyewe, maana vita vilipoanza mwaka 1939 Uingereza ilizinunua zikiwa bado hazijakamilika.

Jinsi ilivyotengenezwa

Bodi haikuchongwa kutoka gogo moja. Fundi alikata mbao nyembamba kadhaa, kila moja ikiwa na umbo la meli katika kina fulani cha maji, kisha akazipanga moja juu ya nyingine na kuzibana kwa gundi. Matokeo ya kwanza yalifanana na ngazi. Fundi aliondoa vidato hivyo kwa randa na msasa mpaka ubavu ukawa laini, huku akipima mara kwa mara kwa vibao vilivyokatwa kufuata mchoro. Mbao za ndani mara nyingi zilitobolewa katikati ili bodi isiwe nzito na isipasuke hewa inapobadilika.

Vitu vya sitaha vilikuwa kazi ya mafundi wengine. Mizinga, nanga, mashua, vipeperushi vya hewa na rafadha vilichongwa kwa shaba ya njano au kusubiwa kwa metali laini yenye risasi. Vingi vilipakwa dhahabu, fedha au nikeli. Mtazamaji wa leo hushangaa kuona manowari yenye minyororo ya dhahabu. Meli yenyewe ilikuwa ya kijivu kutoka omo hadi tezi, lakini katika sanduku la kioo chombo kidogo cha kijivu hakionekani vizuri, na mkurugenzi aliyetumia fedha zake alitaka mgeni aone kila kitu. Rangi na mng'aro wa modeli ya kiwanda kwa hiyo si ushahidi wa rangi ya meli. Vipimo na mahali pa vitu ndivyo ushahidi.

Skeli na hesabu zake

Skeli iliyotumika sana katika viwanda vya Uingereza ni robo inchi kwa futi moja. Futi moja ina inchi 12, na ndani ya inchi 12 mna robo inchi 48, kwa hiyo skeli hiyo huandikwa 1:48.

Destroya ya kundi la Tribal ilikuwa na urefu wa mita 115 hivi na upana wa mita 11.1. Modeli yake kwa skeli ya 1:48 ina urefu wa mita 2.4 na upana wa sentimita 23. Baharia wa mita 1.75 angekuwa na kimo cha sentimita 3.6, na mdomo wa mzinga wa milimita 120 huwa tundu la milimita 2.5.

Uzito hufuata kanuni tofauti, na hapa wanafunzi wengi hukosea. Urefu ukigawanywa kwa 48, eneo hugawanywa kwa 48 mara 48, yaani 2,304, na ujazo hugawanywa kwa 48 mara tatu, yaani 110,592. Meli ya tani 1,900 hivi ingekuwa na modeli ya kilo 17 tu kama ingeelea kwenye mstari wake wa maji. Mtu mmoja angeweza kuibeba, kama angepata njia ya kupitisha mlangoni kitu cha mita mbili na nusu.

Kuna jambo moja ambalo skeli haiwezi kulionyesha. Bodi ya modeli ni mbao nene, nayo huonekana imara kama jiwe. Bodi ya destroya halisi ilikuwa chuma chembamba, katika sehemu nyingi chini ya milimita 10, na ingetengenezwa sawasawa kwa 1:48 ingekuwa nyembamba kama karatasi nzito. Destroya haikuwa na ngao ya chuma ya kuizuia risasi kubwa. Kinga yake ilikuwa mwendo. Mabaharia wa Marekani waliziita destroya zao makopo, na hawakuwa wanatania sana.

Kundi la Tribal

Destroya za Tribal za Jeshi la Majini la Uingereza zilikuwa 16, na ziliingia kazini mwaka 1938 na 1939. Kila moja ilikuwa na mizinga minane ya milimita 120 katika jozi nne, mirija minne ya topido na injini za nguvufarasi 44,000. Canada ilikuwa na nane za kundi hilo na Australia tatu, hivyo jumla yake ni 27.

Majina yake yalikuwa ya makabila na mataifa, wengi wao wakiwa watu waliotawaliwa na Uingereza au waliowahi kupigana nayo. Kutoka Afrika kulikuwa na Ashanti, Mashona, Matabele, Nubian, Somali na Zulu. Watu hao hawakuombwa ruhusa, lakini majina yao yalizunguka bahari zote za kaskazini. Somali iliundwa na Swan Hunter huko Wallsend, Mashona na Vickers-Armstrongs mjini Newcastle, Matabele na Scotts mjini Greenock, Zulu na Alexander Stephen mjini Glasgow, Nubian na Thornycroft karibu na Southampton.

Kati ya destroya hizo 16, 12 zilipotea vitani. Matabele ilipigwa topido na nyambizi ya Ujerumani tarehe 17 Januari 1942 katika Bahari ya Barents ikisindikiza msafara wa kwenda Urusi. Wengi walioweza kuruka majini waliuawa na baridi, na waliookolewa walikuwa wawili tu. Somali ilipigwa Septemba mwaka huohuo katika bahari za kaskazini. Ashanti iliivuta kwa kamba kwa siku kadhaa, lakini hali ya hewa ilipobadilika Somali ilikatika vipande viwili na kuzama. Zulu na Sikh zilizama siku moja, 14 Septemba 1942, katika shambulio la Tobruk lililoshindwa. Nne zilizobaki, Ashanti, Eskimo, Nubian na Tartar, ziliuzwa kuwa vyuma chakavu na kukatwakatwa kabla ya mwaka 1950.

Kwa hiyo hakuna hata moja kati ya zile 16 inayoelea leo. Kati ya zote 27 imebaki Haida ya Canada peke yake, iliyoko Hamilton, Ontario. Anayetaka kuona umbo la nyingine ana michoro, picha, mabaki yaliyo chini ya bahari, na modeli.

Modeli kama ushahidi

Modeli ya maonyesho huonyesha meli siku ilipokabidhiwa, au hata kabla yake, kama ilivyokuwa kwenye mchoro. Haionyeshi yaliyofuata. Msomaji wa modeli anapaswa kujiuliza kila mara: hii ni meli ya mwaka gani?

Kwa destroya za Tribal swali hilo lina uzito. Modeli ya mwaka 1938 ina jozi nne za mizinga: mbili mbele na mbili nyuma, zimepangwa kwa ngazi, na kwa jicho ni mpangilio mzuri mno. Lakini mizinga hiyo iliweza kuinuliwa hadi nyuzi 40 tu. Ilibuniwa kupigana na meli nyingine iliyoko kwenye upeo wa macho. Ndege inayotelemka kutoka karibu juu ya kichwa haikuweza kupigwa nayo hata kidogo. Kwa kazi hiyo meli ilikuwa na bunduki ndogo chache katikati ya sitaha, nazo kwenye modeli ni vitu vidogo ambavyo mtazamaji huvipita.

Aprili 1940 Ujerumani iliivamia Norwei, na kosa likaonekana. Gurkha ilizamishwa na ndege tarehe 9 Aprili. Afridi ilizamishwa tarehe 3 Mei. Mwaka uliofuata, 28 Mei 1941, Mashona ilizamishwa na ndege magharibi mwa Ireland ikirudi kutoka katika msako wa manowari kubwa ya Ujerumani, Bismarck. Baada ya Norwei Jeshi la Majini liliondoa jozi moja ya mizinga ya nyuma, ile ya juu, na kuweka mahali pake jozi ya mizinga ya milimita 102 iliyoweza kuelekezwa karibu wima angani. Dohani ya nyuma ilifupishwa, mlingoti wa nyuma ulipunguzwa hadi kigutu, ili mizinga ipate nafasi ya kuona anga. Baadaye ziliongezwa bunduki za milimita 20 na antena za rada.

Modeli iliyokuwa ndani ya kioo haikubadilishwa. Bado ina dohani ndefu, mlingoti mrefu na mizinga minane ileile. Mtu akiitazama kama picha ya meli iliyopigana vita, atadanganyika. Akiitazama kama picha ya vita ambavyo wakuu wa jeshi na wahandisi walivitarajia, atajifunza mengi, na pengine hakuna hati nyingine inayoonyesha matarajio hayo waziwazi namna hiyo.

Mapipa ya nyuma

Mwisho wa sitaha, tezini, modeli nyingi za destroya zina reli fupi yenye mapipa madogo, kila moja kama ncha ya kidole. Hayo ni mabomu ya kina: mapipa ya baruti yaliyoangushwa baharini ili yalipuke chini ya maji karibu na nyambizi. Destroya za Tribal zilibuniwa kubeba 20 tu, na hilo nalo linaonyesha jinsi hatari ya nyambizi ilivyodharauliwa. Wakati wa vita idadi iliongezwa.

Kwa watu wa Afrika Mashariki mapipa hayo yana historia ya karibu. Mwaka 1942, baada ya Wajapani kushambulia Ceylon (leo Sri Lanka), kundi la manowari za Uingereza katika Bahari Hindi lilihamishia makao yake bandari ya Kilindini, Mombasa. Februari 1944 msafara uliondoka Kilindini kuelekea Colombo. Miongoni mwa meli zake ilikuwamo Khedive Ismail, iliyobeba watu 1,511, wakiwamo askari wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki pamoja na wauguzi. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Japani I-27 iliipiga kwa topido, nayo ikazama kwa dakika chache. Destroya mbili za msafara, Petard na Paladin, za kundi jingine dogo kuliko Tribal, ziliisaka nyambizi hiyo. Ilikuwa imejificha chini ya mahali ambapo manusura walikuwa wakielea. Mabomu ya kina yaliangushwa hapohapo, na baadhi ya waliookoka topido waliuawa na mabomu ya wenzao. Nyambizi ilizamishwa baada ya mapigano marefu. Waliokufa katika Khedive Ismail walikuwa 1,297.

Petard iliundwa na kiwanda kilekile cha Newcastle kilichounda Mashona, na Paladin na John Brown huko Clydebank.

Wakati wa vita

Vita vilipopamba moto viwanda havikuwa na nafasi ya modeli za kupendeza. Mafundi wenye mikono myepesi walihitajika kwingine, na sura za manowari mpya zilikuwa siri. Badala yake zilihitajika modeli ndogo sana za kuwafundisha marubani na mabaharia kutambua meli kwa mbali. Kampuni ya Bassett-Lowke ya Northampton, iliyojulikana kwa treni za kuchezea na modeli za meli, ilitengeneza vyombo vya namna hiyo kwa skeli ya 1:1200. Hapo destroya ya mita 115 ina urefu wa sentimita 9.6, haina sehemu ya chini ya maji, na imewekwa bapa juu ya meza. Mwanafunzi aliitazama kwa darubini kutoka upande wa pili wa chumba, akatakiwa kusema jina lake kwa sekunde chache.

Ugonjwa wa risasi

Adui mkubwa wa modeli za zamani ni hewa iliyo ndani ya sanduku lake. Vitu vilivyosubiwa kwa risasi (metali nzito, si risasi za bunduki) huanza kutoa unga mweupe, kisha huvimba, hupasuka na mwishowe humomonyoka. Unga huo ni kaboneti ya risasi, nao ni sumu. Kinachouleta ni mvuke wa asidi asetiki, ileile iliyomo katika siki, unaotoka polepole katika mbao kama mwaloni, katika plaiwudi na katika baadhi ya gundi na rangi. Sanduku zuri la mwaloni lililofungwa barabara, lililokusudiwa kuilinda modeli kwa vizazi, ndilo linaloiua upesi zaidi.

Wahifadhi hukabiliana na hali hiyo kwa kupitisha hewa sandukuni, kubadilisha mbao, na pale inapobidi kuweka vitu vipya vya shaba mahali pa vile vilivyooza. Hatua hiyo ya mwisho ina ubishi wake, kwa kuwa kila kitu kinachobadilishwa kinapunguza ile thamani ya modeli kama hati ya kiwanda. Mizinga midogo iliyooza kwa hiyo mara nyingi hutunzwa pembeni katika kisanduku chake.

Mahali zilipo

Viwanda vingi vilivyotajwa hapa vimefungwa, na modeli zao zimeingia katika makumbusho ya miji yao. Zilizotoka katika viwanda vya mto Clyde zimo katika Jumba la Makumbusho la Riverside mjini Glasgow, na zile za mto Tyne katika Jumba la Makumbusho la Discovery mjini Newcastle. Akiba kubwa ya modeli za Makumbusho ya Taifa ya Bahari ya Greenwich na za Makumbusho ya Vita ya Kifalme hutunzwa Chatham, mkoa wa Kent, katika jengo lililokuwa zamani karakana ya wahunzi wa jeshi la majini.

Hatua chache kutoka jengo hilo, katika gati kavu, imewekwa destroya halisi Cavalier, iliyoundwa Cowes na J. Samuel White na kuingia kazini Novemba 1944. Tangu mwaka 2007 eneo lake lina kumbukumbu ya destroya 142 za Uingereza zilizozama katika vita vile na watu zaidi ya 11,000 waliokufa nazo. Mgeni anaweza kutoka kwenye modeli, akavuka uwanja na kupanda sitaha ya chuma, na kupima mwenyewe tofauti ya 1:48 na 1:1.